Kitinda Kwenye Kona ya Kioo

Mume wangu ni fundi bomba, na fundi bomba hapiti kwenye takataka za watu akarudi mikono mitupu. Nimeishi naye miaka kumi na tisa, najua ninachosema. Ameniletea koki zisizo na vishikio, ameniletea sinki lenye ufa, ameniletea kioo cha bafuni ambacho ukijitazama unaona watu wawili na wote hawakupendezi. Kwa hiyo siku aliyokuja na kikompyuta cheusi, kidogo, chenye alama za mikwaruzo mgongoni, nilimzuia pale pale mlangoni.

"Hicho hakivuki kizingiti."

"Kimeshavuka," akasema, na kweli alikuwa ndani.

Alipewa na ofisi moja iliyokuwa inahama, alikokwenda kuziba mabomba. Betri imekufa, kwa hiyo ukichomoa waya ukutani nacho kinakata roho. Herufi mbili zimeng'oka. Pembeni alikuwa amekiongezea kitu alichonunua mwenyewe duka la simu: kijiti cha kuchomeka kwenye tundu la flashi, urefu wake kama kidole gumba, nyuma kina mahali pa kufungia waya wa antena. Akaniambia kile ni king'amuzi. Ukikichomeka, kompyuta inageuka runinga.

"Runinga tunayo," nikamwambia. "Kubwa. Iko sebuleni. Au umeisahau?"

"Ile haiwezi kumkuza Kitinda."

Nikampisha. Na mimi nikimpisha mtu, ujue nimeguswa.

Kitinda ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, na jina limemganda mpaka leo ana miaka ishirini na saba. Mama yetu ni kiziwi tangu utotoni. Shule hakwenda, maana baba yake aliona kumsomesha mtoto asiyesikia ni kupoteza nauli. Mungu amsamehe, mimi bado. Mama akajifunza kupiga pasi. Amepiga pasi nguo za watu miaka arobaini, mashati, mashuka, sare za wauguzi, na kwa pasi hiyo akatulea peke yake, kwa sababu baba yetu alitutoka Kitinda hata meno hajaota. Sasa anakaa kwangu. Mimi ni fundi cherehani, chumba changu cha mbele ndicho karakana, na hakuna nguo inayotoka humu mama hajaipitisha mkono. Akikunja uso, nafumua. Wateja wangu nawajibu ninavyotaka, lakini mama akikunja uso, nafumua.

Kitinda alikwenda kusomea ukalimani wa lugha ya alama, miezi tisa, akafaulu. Akabisha hodi kwenye vituo vya runinga mpaka walinzi wakamzoea. Hatimaye kituo kimoja kikampa siku tatu za majaribio, Jumatatu mpaka Jumatano, taarifa ya habari ya saa saba mchana. Mkuu wa habari hakumficha. Alimwambia, "Mimi alama sizijui. Viziwi wenyewe wakisema wanakuelewa, kazi ni yako. Wakisema hawakuelewi, tunaagana kwa wema." Na wa kusema kwa niaba yao ni mwenyekiti wa chama chao, ambaye angetuma ujumbe Jumatano taarifa ikiisha. Ujumbe huo wa mwisho ndio wa kumpa kazi au kumnyima.

Sasa mkalimani wa runinga anawekwa kwenye kisanduku, kona ya chini, kulia. Kwenye runinga yetu kisanduku hicho hakizidi kiberiti. Mama ana miaka sitini na nne, na macho yake yamechoshwa na mvuke wa pasi. Angekaa pale akamwona mwanawe kama mchwa anayepunga mikono. Lakini kwenye kompyuta, mume wangu alisema, unaweza kuivuta ile kona peke yake ikajaa kioo kizima, msoma habari akabaki nje huko na tai yake. Alilifikiria jambo hilo kabla yangu mimi niliyezaliwa tumbo moja na Kitinda. Nakiri hapa, kwa sababu nyumbani sijakiri.

Jumatatu saa sita na nusu tukakiweka kikompyuta juu ya meza yangu ya kukatia. Antena aliitengeneza mwenyewe, vipande viwili vya bomba la shaba alivyovikunja na kuvifunga kwenye ubao, akauning'iniza dirishani. Akawasha. Kioo kikawa vibao vibao, rangi juu ya rangi, msoma habari ana jicho moja kidevuni.

"Haya, ndiyo runinga yako hiyo?" nikauliza.

"Usisogee."

"Nisisogee kwangu?"

"Ukisimama hapo picha inakuja. Ukienda kwenye cherehani inakata. Hebu simama."

Nikasimama, futi ya kupimia shingoni, kama sanamu ya kuvishia nguo. Naye akaanza kuufuata ule waya kwa vidole, kutoka dirishani mpaka kwenye kijiti, taratibu, kiungo kwa kiungo. Hivyo ndivyo anavyotafuta maji yanayovuja. Hakimbilii palipolowana, anashika kila kiungo na kukisikiliza kwa kidole. Kiungo cha pili akakuta kimelegea. Akakivua, akakwangua shaba kwa kisu, akakikaza. Picha ikatulia, safi, na mimi nikapewa ruhusa ya kutembea nyumbani kwangu.

Saa saba kamili Kitinda akatokea kwenye kona. Mume wangu akavuta, akavuta, na mdogo wangu akajaa kioo. Wee! Blauzi ya bluu nzito niliyomshonea mimi, mikono mitupu isiyo na hata pete, nywele zimefungwa nyuma. Mama akaweka kiganja kifuani, akasogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia kioo.

Lazima niseme jambo moja ili muelewe uso wa mama siku ile. Maisha yake yote habari alizipata kwetu. Anatuona tumekazia macho runinga, ananigusa bega, anauliza wanasema nini. Na mimi nina nguo ya harusi mezani, mteja anakuja saa kumi, namjibu kwa mkono mmoja: hakuna kitu. Vita zimeanza na kwisha, mimi namwambia hakuna kitu. Mafuriko, hakuna kitu. Si kwamba simpendi. Nilikuwa na haraka, basi, na haraka yangu haijawahi kwisha.

Jumatatu hiyo hakuniuliza. Alikuwa anatikisa kichwa, anashangaa, anasikitika, anacheka, yote kwa wakati wake. Habari ya zahanati ikapita, habari ya daraja lililobomoka ikapita, akazipokea zote mwenyewe moja kwa moja kutoka kwa mwanawe. Taarifa ilipoisha akaingia mteja wangu mmoja, mwalimu, amekuja kupima sketi. Mama akamshika mabega, akamkalisha, akamsimulia taarifa nzima kwa mikono, na mimi nikawa nafasiri huku pini ziko mdomoni. Mwalimu wa watu akasahau sketi. Nilijivunia mama, nilijivunia Kitinda, nilimjivunia hata yule mwenye bomba. Nilimwekea chai bila kuombwa.

Saa tisa Kitinda akaja, sura imemshuka.

"Mwenyekiti hata hakungoja Jumatano, ameshamwandikia mkuu wa habari," akasema. "Eti leo hawakunielewa."

"Nani hakukuelewa?" Nilikuwa nimeshavua kastabani ya kidoleni na kuibamiza mezani. "Mama kaelewa kila kitu! Mimi mwenyewe nilikuwa natazama mikono yako kuliko kusikiliza, nimeelewa kila kitu! Huyo mwenyekiti ana lake jambo. Ana mpwa wake anayeitaka hiyo kazi. Nionyeshe nyumba yake."

"Dada, tulia."

"Nimetulia! Nionyeshe nyumba yake!"

Mama akataka kujua tunagombania nini. Kitinda akamweleza. Mama akafikiri kidogo, akacheka, akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. Akatuambia: ni kile kisanduku. Huyo baba wa watu anatazama kwenye kiberiti. Mleteni hapa amwone Kitinda mzima mzima, ataelewa.

Tukaona mama kasema kweli. Nyani haoni kundule, na sisi watatu tulikuwa nyani watatu.

Jumanne asubuhi nikaenda na mama kwa mwenyekiti. Ni seremala, mtu mrefu, umri wa makamo, vumbi la mbao limemkalia mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameupa mlango mgongo, kwa hiyo mama akakanyaga sakafu kwa nguvu mara mbili, yeye akausikia mtikisiko miguuni na kugeuka. Wakasalimiana kwa heshima. Mama akaanza kumweleza, na hapo niliona kitu ambacho mtu mwenye akili angeiona maana yake. Kila mama akisema jambo, seremala aliinamisha kichwa, akaomba arudie. Mama akarudia. Yeye akajibu, mama akaomba arudie. Nikajisemea moyoni, mzee wa watu ana kichwa kigumu kama mbao zake. Mwishowe akachomoa penseli sikioni, akaandika kwenye kipande cha ubao: "Saa ngapi?" Nikaandika chini yake: "Saa saba kasoro robo. Kwangu. Usichelewe."

Hakuchelewa. Alikaa kiti cha katikati, mama kulia kwake, mimi nyuma, mume wangu ameshika waya. Safari hii mume wangu alikuwa amegundua kwamba ile programu ya king'amuzi inaweza pia kurekodi, ukairudisha na kuisimamisha utakavyo. Akabonyeza. Kitinda akajaa kioo.

Mama alianza kufurahi tangu salamu. Alikuwa anamtazama seremala kwa pembe ya jicho, kama mtu aliyekaribisha wageni akawapakulia, anangoja wasifie. Seremala hakusifu. Alikaza macho, akasogea mbele, akarudi nyuma. Ikaja habari ya serikali kupeleka madaktari wapya kwenye zahanati kuanzia kesho. Mama akatikisa kichwa, akafurahia hao madaktari. Seremala akamwomba mume wangu kwa mkono: simamisha. Rudisha. Akatazama tena. Kisha akachukua chaki yangu na karatasi ya kuchorea mikato, akaandika kwa herufi kubwa:

"Mwenye kitambi anatikisa funguo. Anaziba pua. Anasimamisha pasi. Hii ni habari gani?"

Nikasoma. Kwanza kicheko kilinipanda, kisha kikakatika.

Kwa sababu nilimjua mwenye kitambi. Alikuwa baba mwenye nyumba wetu wa zamani. Kitinda akiwa na miaka minne aliuliza serikali ni nani, na mama, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfundisha, alimtafuta mtu mmoja anayekuja anapotaka, anaamuru na hakuna wa kumbishia. Akachora kitambi hewani, akatikisa funguo. Basi, hiyo ikawa serikali. Daktari ni kuziba pua, kwa ajili ya harufu ya dawa mama alipompeleka Kitinda kuchomwa sindano. Na kesho ni kusimamisha pasi kwa kisigino chake, kwa sababu pasi ikisimama, siku ya mama imekwisha, kinachobaki ni cha kesho. Ilikuwa lugha nzima. Mama aliitengeneza chumbani kwetu, kati ya kapu la nguo na jiko, na wasemaji wake duniani walikuwa watatu.

Kitinda alizijua alama za darasani, aliziimba miezi tisa. Lakini msoma habari akikaza mwendo, mikono yake ilikimbilia nyumbani. Na sisi tukampigia makofi, kwa sababu nyumbani ndiko tulikokuwa tumekaa.

Mama akanigusa bega. Ameandika nini?

Jamani, hapo nilipata mtihani. Mdomo wangu hauna breki, watu wote wanajua, lakini mikono ilikuwa mizito. Nilitaka nimwambie anasema safi. Nilitaka nimwambie anasifia blauzi. Mama akanitazama usoni. Mtu ambaye hasikii amekusoma uso tangu unanyonya, utamficha nini? Nikamwambia yote kama yalivyoandikwa.

 Mama akamwonyesha mume wangu: rudisha. Kitinda akachora kitambi, akatikisa funguo. Sasa mama hakutazama kioo, alitazama uso wa seremala. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Aliona kwamba yule mtu, kiziwi kama yeye, mwenye akili zake, haambulii kitu. Akashusha mikono mapajani. Kisha akainua mmoja, akaonyesha kioo, akajigonga kifua. Ni zangu hizo.

Nikaona aibu ambayo sijui ilikuwa ya nani. Nikachukua chaki, nikamwandikia seremala kwa hasira: "Mama hakupelekwa shule. Hayo aliyatengeneza mwenyewe. Sasa unataka kumkatia mtoto riziki kwa sababu hiyo?"

Akasoma. Hakukasirika. Akaandika polepole, mwandiko wa mtu anayepima mbao: "Binti ana mikono mizuri kuliko wote niliowaona runingani. Lakini anaongea na mtu mmoja. Sisi wengine tupo nje. Kesho nitaandika nitakachokiona." Akasimama aondoke.

Mama akamshika mkono wa shati. Akamwonyesha kiti: kaa.

Kitinda alipofika saa tisa alitukuta hivyo, mwenyekiti wa chama ameketi kwenye meza yangu ya kukatia, na yeye Kitinda ameganda kwenye kioo, kitambi amekichora nusu. Nikamweleza. Akaanza kulia papo hapo, amesimama, mkoba begani.

"Nazijua za darasani, dada. Wallahi nazijua. Lakini yule baba anasoma mbio, nikichelewa sentensi moja nimepotea. Mikono inajiendea yenyewe."

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mama yangu hajawahi kumchelea mtu. Akamfuta machozi kwa ukingo wa khanga, mara moja tu, akamkalisha. Kazi ikaanza. Mume wangu anarudisha, anasimamisha. Ikitokea alama ya nyumbani, mama anamchapa Kitinda mkono, kidogo, kisha anamgeukia seremala: toa yenu. Seremala anatoa. Kitinda anairudia. Tena. Tena. Mama anasimamia kama anavyosimamia pindo zangu, hapana, hapana, hapo sawa. Alikuwa anazichomoa alama zake mwenyewe, moja moja, kutoka mikononi mwa mtoto aliyempa. Maji. Barabara. Mgonjwa. Waziri. Nilijifanya nina shati la kumalizia, nikashona mstari mmoja mara tatu.

Saa kumi na moja mama akamwuliza Kitinda swali. Ukiwa humo ndani, taa zinakuwakia, unamwona nani mbele yako?

"Kamera," Kitinda akasema, kisha akajirekebisha kwa mikono. Nakuona wewe.

Mama akamkamata kidevu, akaugeuza uso wake kwa seremala. Akamwambia: kesho mwone huyu. Mimi usinione. Mimi nitakaa nje.

Mume wangu akatoka akidai anakwenda kukagua antena. Antena haikuwa na tatizo lolote.

Jumatano tulikuwa tumekaa tangu saa sita. Seremala kiti cha katikati. Mama alisogeza chake kando, karibu na kapu la vitambaa, ingawa nilimwambia kutoka pale haoni vizuri. Mume wangu alikibandika kijiti kwa utepe kisitikisike. Kilikuwa kinapata moto, akawa anakipepea kwa gazeti, fundi mzima anapepea kijiti kama mwari, na nilipotaka kumcheka nikaona chai yake hajaigusa.

Saa saba. Kitinda akajaa kioo. Hakutabasamu kama siku zile mbili. Alitazama mbele, mbali kidogo, kama anamtazama mtu asiyemzoea lakini anamheshimu. Habari ya kwanza ikaenda. Seremala akatikisa kichwa kukubali. Ya pili, akatikisa. Kwenye ya tatu akanyanyua mkono na kumjibu Kitinda, amesahau kwamba anajibu kompyuta.

Habari ya tano ilikuwa ya serikali, na msoma habari akaipiga mbio kana kwamba ameacha chakula jikoni. Mkono wa Kitinda ukashuka kuelekea tumboni. Nikauona unashuka. Mume wangu akaacha kupepea. Mkono ukafika usawa wa kifua, ukasita hewani, sentensi ya msoma habari inaondoka bila yeye, na mimi nikasema kwa sauti, "Kitinda!" kana kwamba atanisikia. Mkono ukapanda juu, ukafanya ile nyingine, ya seremala. Akakimbiza sentensi, akaikamata mwishoni. Seremala akashusha pumzi.

Nikamgeukia mama kumwambia kapita, kapita salama. Nikamkuta amenyoosha shingo, amekunja uso. Siyo ule wa kuniambia nifumue. Alikuwa hajui. Akamgusa seremala kiwiko, akamwuliza kwa nyusi: kasema nini? Seremala akamwonyesha polepole. Mama akashika, akarudi kwenye kioo, na hapo nyingine mbili zilikuwa zimeshapita. Akamgusa tena. Akamgusa tena. Mwanawe yuko mbele yake, mkubwa, safi, kila kidole kinaonekana, na mama anauliza kwa watu.

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Siku mbili tu katika maisha yake habari zilikuwa zake mwenyewe, na alizitoa mwenyewe, kwa mkono wake, ili mtoto apate kazi. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, nilikuwa na mkasi mkononi. Nikamtazama vizuri kama anaumia. Mama alikuwa anatazama seremala akielewa. Kila yule mtu akitikisa kichwa, mama naye alitikisa, nyuma yake kidogo, uso umemng'aa kama mtu anayeona mgeni anaomba kuongezewa.

Taarifa ikaisha. Seremala akatoa simu, akaandika kwa kidole kimoja, akafuta, akaandika tena. Nilikuwa tayari kumnyang'anya. Akanionyesha kabla ya kutuma:

"Leo tumemwelewa. Msoma habari apunguze mbio, kosa ni lake. Huyu binti mwacheni hapo hapo."

Akatuma. Nikamwambia mama kwa mikono, haraka haraka, kwa lugha yetu ya chumbani, maana mimi nyingine sina. Mama akafumba macho, akayafumbua. Mume wangu alikuwa anapiga makofi na gazeti liko mkononi, linachanika. Nikampiga bega, nikamwambia leo mlangoni apitishe anachotaka, hata sinki.

Seremala alikuwa amesimama, anajipangusa vumbi lake kwenye sakafu yangu, wala sikumfokea. Mama akamzuia tena. Akamwambia jambo. Yeye akainamisha kichwa, hakuelewa. Mama akarudia, hakuelewa. Basi mama akanigeukia mimi: mwandikie. Mwulize hizo alama zao wanafundishia wapi, na kama wanapokea wazee.

Nikaandika, chaki inanikatikia. Seremala akasoma, akamtazama mama, akakaa tena kitini. Akaandika: "Karakanani kwangu, Jumamosi. Mwanafunzi mkubwa kuliko wote ana miaka sabini na moja."

Nikamfasiria. Mama akawaza, kisha akamwuliza mwenyewe, bila mimi, akigonga kifundo cha mkono mahali saa inapovaliwa. Seremala akanyoosha vidole vinne. Mama naye akanyoosha vinne, akavihesabu mbele yake kimoja kimoja, kuhakikisha.